Taa tatu za korido: shajara ya kazi, Kinondoni

Siku ya 1: vipimo

Korido ina urefu wa mita 7.2 na upana wa mita 1.2, na dari iko mita 2.7 kutoka sakafuni. Mwisho mmoja kuna sebule, mwingine kuna vyumba vya kulala na choo. Dirisha hakuna, kwa hiyo taa huwashwa hata mchana. Nyumba ni ya miaka ya 1980, imeezekwa kwa bati, na dari yake ni siling bodi laini iliyopigiliwa kwenye mbao za blandaring takribani kila sentimita 60.

Zilizopo ni tyubu mbili za futi nne, wati 36 kila moja, zenye choki na stata. Moja iko mita 1.8 kutoka mlango wa sebule, nyingine mita 5.4. Swichi ziko mbili, moja kila mwisho wa korido. Choki ya pili inavuma, tyubu yake inapepesa, na ncha zote mbili zimeshakuwa nyeusi. Kubadili tyubu na stata kungeiwasha kwa muda, lakini fremu ya bati imeliwa na kutu hadi vishikio vya tyubu vinacheza. Hewa ya chumvi ndiyo kazi yake hiyo. Zote mbili zinatolewa.

Kabla ya kuifikiria drili, tumeikagua siling bodi. Nyumba za zamani zinaweza kuwa na bodi ngumu kama saruji, za kijivu, zenye asbesto. Bodi ya aina hiyo haitobolewi, haikatwi wala haisuguliwi msasa. Taa hufungwa pale pale palipokuwa na ya zamani, au anaitwa mtu wa vipimo kwanza. Hii ya hapa ni ya nyuzi za mbao, ukucha unaingia. Tunaendelea.

Siku ya 1, mchana: umeme uliopo

Boksi la breka lina RCCB (swichi inayokata umeme ukivuja) ya ampea 63 yenye miliampea 30, na breka mbili za taa za ampea 10 kila moja: moja ya taa za ndani, moja ya jikoni na taa za ulinzi za nje. Tumezima breka ya ndani, korido ikawa giza, kisha tumezungusha klampu mita (kipimo cha mkondo kisichohitaji kukata waya) kwenye waya mweusi wa nyutro, unaorudisha umeme boksini, juu ya dari. Ikasoma ampea 0.3.

Hapo ndipo kazi nyingi za namna hii huumiza watu. Breka imezimwa, taa imezimika, bisibisi ya testa haiwaki, na bado nyutro inapitisha umeme. Sababu ni nyutro ya kuazima: aliyefunga taa za nje alichukua waya wa moto kutoka breka ya pili, lakini akaona ni mbali kurudisha nyutro kwenye boksi, akaiunga kwenye nyutro ya korido. Taa zinawaka vizuri kabisa na RCCB haishtuki, kwa sababu saketi zote mbili zinapita kwenye RCCB hiyo hiyo. Lakini ukikata kiungo cha nyutro juu ya ngazi, upande uliokatika unapanda hadi volti 230 kupitia taa ya nje, na mkono wako uko hapo.

Kwa hiyo kanuni ya kazi hii yote: inazimwa swichi kuu, siyo breka ya taa peke yake. Kisha unapima kwa multimita au testa ya ncha mbili: kwanza sehemu unayojua ina umeme, halafu waya wa kazi (moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi), kisha unarudi sehemu yenye umeme kuthibitisha kwamba kipimo hakijafa katikati. Sehemu hiyo yenye umeme ni ncha ya juu ya swichi kuu, upande unaotoka kwenye mita, ambao haufi hata swichi ikizimwa. Isiguswe kwa kitu kingine chochote. Bisibisi ya testa inaweza kuwaka kwa umeme wa kuambukizwa kutoka waya jirani na inaweza isiwake ukiwa umesimama kwenye ngazi ya mbao. Isitumike kuamua kama waya umekufa.

Marekebisho: nyaya za moto za saketi zote mbili zimehamishiwa kwenye breka moja ya ampea 10. Mzigo wote wa taa haufiki hata ampea 3 na kebo ni ya milimita za mraba 1.5, kwa hiyo breka hiyo inatosha kuilinda. Sasa breka moja inaua kila kitu kinachotumia nyutro ile. Kurudisha nyutro ya pili hadi boksini kungekuwa safi zaidi, ila kulihitaji kuvunja plasta ya ukuta wa jikoni. Kazi ya boksini imefanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na mwenye nyumba yeyote atakayefuata hatua hizi naye asiiguse sehemu hiyo mwenyewe.

Siku ya 2: kuchagua taa

Watu huuliza wati dukani. Wati ni kile unacholipia, siyo kile unachokiona. Swali ni lumeni ngapi, yaani kiasi cha mwanga taa inachotoa, na zinaandikwa kwenye boksi. Boksi lisiloandika lumeni lirudishwe rafuni.

Hesabu ya korido hii: eneo ni 7.2 × 1.2, yaani mita za mraba 8.64. Laksi 100 (lumeni 100 kwa kila mita ya mraba) sakafuni zinatosha; ndicho kiwango kinachotumika kwa korido za maofisini, na nyumbani ni mwanga mzuri wa kuona ufunguo ulioanguka. 100 × 8.64 ni lumeni 864 zinazotakiwa kufika chini. Lakini korido ni nyembamba, na sehemu kubwa ya mwanga inapiga ukutani kwanza. Kwa kuta za rangi ya krimu tumechukua kwamba asilimia 40 ndiyo inafika sakafuni, halafu tumezidisha kwa 0.8 kwa ajili ya vumbi na taa kuchoka. 864 gawanya kwa 0.32 ni lumeni 2,700. Kuta zikiwa za kijani kizito au kahawia, 40 ile inashuka na taa lazima ziongezwe.

Lumeni 2,700 kwenye taa moja katikati ni kosa la kawaida: chini yake pakali, miishoni kivuli. Taa mbili pale zilipo tyubu zinatosha kwa kiasi, lakini mlango wa choo unabaki gizani. Tatu ndiyo jibu. Mpangilio: urefu gawanya kwa idadi ya taa, halafu nusu ya jibu hilo kutoka kila ukuta wa mwisho. 7.2 kwa 3 ni 2.4, kwa hiyo taa zinakaa mita 1.2, 3.6 na 6.0. Mtu akiweka ya kwanza ukutani kabisa na kugawanya kilichobaki, anapata mistari miwili ya giza katikati.

Aina tulizozipima dhidi ya nyumba hii:

Tyubu ya LED kwenye fremu ya zamani. Rahisi kuliko zote kama fremu ni nzima. Choki inarukwa, stata inatolewa. Tahadhari moja: zipo tyubu za LED zinazopokea moto na nyutro upande mmoja, na zipo zinazopokea moto upande huu na nyutro upande ule. Ukichanganya, unaweza kusababisha shoti ya moja kwa moja. Mchoro uko ubavuni mwa tyubu, usomwe. Kwetu fremu imeoza, hivyo imetoka.

Paneli ya kuzamisha darini. Inapendeza, lakini inataka tundu. La wati 12 huwa karibu milimita 155, na siling bodi laini ikishakatwa tundu hilo, hakuna kurudi nyuma. Draiva yake, kifaa kinachogeuza umeme wa nyumba ufae LED, inalala juu ya dari chini ya bati, ambako mchana wa Dar es Salaam joto ni kali. Kapasita za draiva hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Halafu kuna panya. Imetoka.

Taa ya duara ya kubandika juu ya dari, wati 12, lumeni 950. Draiva iko ndani ya taa, upande wa korido ambako ni baridi zaidi, na ikifa inabadilishwa bila kupanda darini. Hii ndiyo tuliyochagua, tatu, jumla lumeni 2,850.

Vipengele vingine tulivyovishikilia dukani: IP44 (kipimo cha jinsi taa ilivyozibwa) au zaidi, siyo kwa sababu ya maji bali ya wadudu: taa iliyo wazi pembeni hujaa kumbikumbi msimu wa mvua na baada ya mwezi mwanga umepungua. Volti 85 hadi 265 kwenye draiva, kwa kuwa umeme wa mtaa hushuka jioni; zile zilizoandikwa 220 hadi 240 tu mara nyingi hazina draiva halisi, zina chipu iliyobandikwa kwenye bamba la LED, na hupepesa umeme ukishuka. Ra (kipimo cha uhalisi wa rangi chini ya taa) 80 au zaidi ili rangi za nguo na sura za watu zisigeuke kijivu. Rangi ya mwanga: Kelvini 4000. Ile nyeupe ya 6500 ndiyo imejaa madukani, lakini kwenye korido inayoelekea vyumba vya kulala inaumiza macho usiku. 3000 ni tulivu zaidi, ila korido isiyo na dirisha inaonekana kama imefunikwa na moshi mchana. Taa hizi zina kiswichi kidogo mgongoni cha kuchagua kati ya rangi tatu. Kiwekwe sawa kwenye zote kabla ya kupanda ngazi. Taa moja ikisahaulika, utaigundua baada ya kufunga kila kitu.

Taa za kihisi zilipendekezwa. Tumezikataa. Kihisi cha joto la mwili kinatofautisha mtu na mazingira yake, na hewa ikikaribia joto la mwili uwezo wake unashuka. Pia kinataka umeme wa kudumu, wakati swichi mbili za korido kila mara zitakikatia.

Vifaa vilivyonunuliwa: taa 3, kebo ya twini (nyaya mbili) yenye ethi, ya milimita za mraba 1.5, mita 15. Boksi la viungo lenye mfuniko, 3. Konekta za klipu za njia tatu, 12, na za njia tano, 4. Ubao wa inchi 2 kwa 2, mita 2. Skrubu za mbao za milimita 4 × 40, 20. Klipu za kebo, pakiti 1. Jipsamu ya kuzibia, kilo 2.

Siku ya 3: juu ya dari

Kazi imeanza saa 12:30 asubuhi. Kufika saa tano huko juu hakukaliki, na mtu mwenye jasho machoni hukosea rangi za waya. Unakanyaga mbao tu, kamwe siyo siling bodi.

Kabla ya kufungua kiungo chochote, kila waya umefungwa kipande cha tepu chenye namba na kupigwa picha. Nyumba hii ina rangi za zamani: nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro. Nyumba mpya ni kahawia na bluu. Hatari iko kwenye mchanganyiko wake. Kebo ya zamani ya nyaya tatu kati ya swichi mbili ina nyekundu, njano na bluu, na hiyo bluu siyo nyutro hata kidogo. Ni waya wa swichi, unaweza kuwa na moto. Na kwenye twini inayoshuka kwenda swichi, nyeusi nayo siyo nyutro: nyekundu inapeleka moto chini, nyeusi inaurudisha juu kwenda taa. Tumeizungushia tepu nyekundu ncha zote mbili, jambo ambalo lingefanywa miaka arobaini iliyopita.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni hili: mtu anatoa taa, anakuta nyekundu tatu na nyeusi tatu, anaunga nyekundu zote pamoja na nyeusi zote pamoja. Taa inawaka moja kwa moja bila swichi. Anabonyeza swichi, breka inaruka, kwa sababu ile nyeusi ya swichi sasa inapeleka moto kwenye nyutro. Anadhani taa mpya ni mbovu na kwenda kugombana dukani.

Mpangilio sahihi, kwa kila boksi la viungo: konekta ya 1, moto wa kudumu, nyekundu zinazoingia na kutoka na ile inayoshuka kwenye swichi, na taa haiguswi hapa. Konekta ya 2, nyutro zote na nyutro ya taa. Konekta ya 3, waya unaorudi kutoka swichi, moto wa taa, na unaoendelea kwenda taa inayofuata. Konekta ya 4, ethi zote. Taa zetu zina alama ya miraba miwili, yaani hazihitaji ethi, lakini ethi imefikishwa na kufungwa kwenye kila boksi. Siku mtu akiweka taa ya chuma, ataikuta.

Moto wa kudumu tumeuacha pia kwenye boksi la katikati. Taa yenye betri ya dharura inauhitaji ili ijue kama umeme umekatika au umezimwa tu.

Kabla ya kuunga taa, megga (kipimo cha uzima wa ganda la waya) ya volti 500. Taa za LED ziwe hazijaunganishwa, vinginevyo draiva zinakufa kwenye kipimo. Kipande cha kwanza kilisoma zaidi ya megaomu 200. Kati ya mita 3.6 na 6.0 kilisoma 0.4, kiwango cha chini kinachokubalika ni 1. Tumefuata kebo kwa tochi na kukuta panya wametafuna ganda karibu sentimita 6, shaba ya nyekundu ikionekana. Tepu siyo tiba hapo. Mita 3.5 zimetolewa, mpya imepigwa klipu ubavuni mwa mbao kila sentimita 25, juu kutoka kwenye siling bodi. Kipimo cha pili: zaidi ya 200.

Siku ya 4: kufunga

Siling bodi laini haishiki skrubu. Taa ya mita 3.6 imeangukia kwenye mbao yenyewe. Zile za 1.2 na 6.0 zimekosa mbao kwa sentimita chache, na jibu siyo kusogeza taa, kwa kuwa jicho linaona haraka taa tatu zisizo kwenye mstari. Vipande vya ubao wa 2 kwa 2 vimekatwa na kupigiliwa kati ya mbao mbili, kutoka juu, na skrubu za taa zimeingia humo.

Mstari wa katikati umechorwa kwa uzi wa chaki kutoka mlango hadi mlango. Usipime kutoka ukuta mmoja tu. Kuta za korido hii zinatofautiana milimita 18 kati ya mwanzo na mwisho.

Ncha za waya zimemenywa milimita 11, kama alama iliyo ubavuni mwa konekta inavyoonyesha. Ukimenya pungufu, klipu inabana plastiki na kiungo kinapata joto. Ukizidisha, shaba inabaki nje. Kila waya umevutwa kwa mkono baada ya kubanwa.

Swichi, kila moja ina skrubu tatu, komoni (ya pamoja), L1 na L2: kebo ya nyaya tatu inaunga komoni na komoni, L1 na L1, L2 na L2. Twini kutoka darini inaingia swichi ya sebuleni peke yake, nyekundu kwenye L1 na nyeusi iliyotiwa tepu kwenye L2. Dalili ya kukosea: taa inawaka kwa swichi ya kwanza tu pale ile ya pili inapokuwa upande fulani. Hapo komoni imechanganywa na L1 au L2. Angalia maandishi ya nyuma ya swichi, siyo mahali skrubu ilipo, maana kila mtengenezaji ana mpangilio wake.

Umeme umerudishwa saa 10 jioni. Michanganyo yote minne ya swichi imejaribiwa. Inafanya kazi.

Siku ya 4, usiku

Swichi zimezimwa na taa zote tatu zina mwanga hafifu, kama makaa yanayofifia. Kitu cha kwanza kuangalia siyo taa, ni kama swichi inakata moto au inakata nyutro. Ikikata nyutro, taa inabaki na volti 230 ndani yake hata ikizimwa. Tumepima kwenye taa: swichi ikizimwa, waya wa moto dhidi ya ethi volti 58, nyutro dhidi ya ethi volti 1. Kwa hiyo swichi inakata moto ipasavyo.

Hizo 58 zinatoka kwenye kebo ya nyaya tatu. Mita 9 za nyaya zinazolala bega kwa bega zinafanya kazi kama kapasita ndogo. Mkondo wake ni mdogo mno kwa balbu ya zamani, lakini draiva ya LED inaukusanya na kuutoa kama mwanga. Swichi zenye kijitaa cha kuonyesha gizani hufanya vivyo hivyo, kwa nguvu zaidi.

Siku ya 5: kumalizia

Kapasita ya mikrofaradi 0.1 ya daraja la X2 (iliyotengenezwa kukaa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba), pamoja na rezista ya omu 100, imefungwa sambamba na taa ya kwanza ndani ya boksi la viungo. Volti zimeshuka kutoka 58 hadi 2 na mwanga umekufa kwenye taa zote tatu; moja inatosha kwa saketi nzima. Lazima iwe X2. Kapasita ya kawaida isiyo ya umeme wa nyumba, hata iwe imeandikwa volti 250, inaweza kupasuka.

Matundu ya fremu za zamani yamezibwa kwa jipsamu mara mbili, ya kwanza ikaachwa ikauke kabla ya pili. Alama nyeupe ya urefu wa mita 1.2 pale tyubu zilipokuwa haifichwi kwa kupaka kiraka. Dari nzima ya korido inapakwa.

Tyubu mbili za zamani zimevingirishwa kwenye katoni na kukabidhiwa nzima. Zina zebaki. Ikivunjika, fungua milango angalau dakika 10, usitumie ufagio, okota kwa karatasi ngumu na vumbi linalobaki liokote kwa tepu. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kuziondoa tyubu hizi sokoni ifikapo mwisho wa 2027, kwa hiyo stata na choki zitazidi kuadimika.

Matumizi: zamani tyubu mbili na choki zake zilikuwa karibu wati 90, sasa ni 36. Kwa saa 5 kwa siku, tofauti ni uniti 0.27, karibu uniti 99 kwa mwaka. Kwa nyumba iliyo kwenye T1, daraja la bei ya umeme ambako shilingi 10,000 hununua takribani uniti 28, hiyo ni kama shilingi 35,000.

Wiki ya 3: ukaguzi

Vifuniko vimefunguliwa baada ya taa kuwaka saa mbili mfululizo. Konekta hazina joto linalosikika kwa mkono, hakuna rangi iliyobadilika, hakuna mdudu ndani. Megga imerudiwa, taa zikiwa zimechomolewa: bado zaidi ya 200. Mchoro wa nyaya, wenye namba za tepu na mahali kapasita ilipo, umebandikwa ndani ya mlango wa boksi la breka. Kilichobaki ni mkono wa pili wa rangi ya dari.